Sungura Watatu Katika Nyumba Moja

Hadithi za sungura ni nyingi, nazo zajulikana pwani na bara. Jioni, vyungu vikiisha kuoshwa, bibi huwasimulia wajukuu jinsi sungura alivyomdanganya simba, jinsi alivyomwacha fisi mikononi mwa wenye shamba, na jinsi yeye mwenyewe alivyotoka salama, masikio yake yamesimama. Watoto huujua ujanja wa sungura kabla hawajajua kuhesabu mpaka mia. Lakini wakiulizwa, "Sungura hupenda kula nini? Hulala wakati gani? Akiugua hufanyaje?" wengi hunyamaza. Wamemwona mara moja tu, akivuka njia mbio, au akining'inia mkononi mwa mwindaji. Kumjua mnyama katika hadithi ni jambo moja, na kukaa naye nyumba moja ni jambo jingine.

Alikuwapo mtu mmoja aliyekaa na sungura kwa muda wa miaka kumi na miwili, akawajua kwa nyuso zao na kwa tabia zao kama mchungaji awajuavyo kondoo wake. Wala hawakuwa sungura wa kufugwa wauzwao sokoni, bali sungura wa porini, wale wenye miguu mirefu wasiomngojea mtu. Jina lake ni William Cowper, Mwingereza, mtunga mashairi, aliyezaliwa mwaka wa 1731. Habari zake zamfaa kila mtu aliye na nyumba ya kukaa, na kitabu cha kusoma, na siku za mapumziko asizojua azitumieje.

Cowper alikuwa mtoto wa kasisi. Mama yake alikufa yeye alipokuwa na umri wa miaka 6, na baada ya siku si nyingi akapelekwa katika shule ya kulala. Huko palikuwa na mvulana mkubwa, mwenye miaka 15 hivi, aliyemchagua mtoto huyo mdogo awe wa kuteswa naye. Akamtesa kwa siri siku nyingi, hata Cowper hakuthubutu kumwinulia macho. Alipokuwa mtu mzima aliandika ya kuwa alimjua mtesi wake kwa vifungo vya viatu vyake kuliko kwa uso wake. Hatimaye ukatili ule ulijulikana, na mvulana mkubwa akafukuzwa shule. Lakini hofu haifukuzwi kwa siku moja kama afukuzwavyo mwanafunzi. Hofu ile ilibaki moyoni mwa mtoto, ikakua pamoja naye.

Alipofika utu uzima alisomea sheria katika mji wa London. Mwaka wa 1763 jamaa zake walimpatia nafasi njema ya ukarani katika Bunge, ila ilimpasa kwanza asimame mbele ya wakubwa, apimwe kama aijua kazi hiyo. Kwa watu wengine jambo hilo lingekuwa dogo. Yeye alishikwa na hofu mchana na usiku, na siku ilipokaribia akili yake ilichafuka kabisa. Wakampeleka kwa daktari aliyetunza wagonjwa wa namna hiyo, akakaa kwake mwaka na nusu, akapona. Wala hakurudi tena kutafuta kazi London. Alipokewa katika nyumba ya watu wema waitwao Unwin, akawa kama mmoja wao. Na mwenye nyumba alipokufa kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, Cowper na yule mjane, Bibi Mary Unwin, walihamia Olney. Huo ni mji mdogo ulio kando ya mto Ouse, na wakati ule wanawake wake wengi walijipatia riziki kwa kusuka lesi.

Mwaka wa 1773 ugonjwa ulirudi. Safari hii ulikuja na huzuni nzito kuliko ya kwanza, maana Cowper alisadiki kwamba hata Mungu amemtupa, wala hakuwapo mtu aliyeweza kumtoa katika wazo hilo. Vitabu alivyokuwa akivipenda havikumwingia tena. Wageni walimchosha. Bibi Unwin alimwuguza kwa uvumilivu mwingi, lakini hata muuguzi mwema hawezi kumfurahia mgonjwa furaha yake.

Hapa msomaji na asimame kidogo afikiri. Mtu huyu hakuwa na kengele ya kumwita kazini asubuhi, wala shamba la kupalilia, wala bwana wa kumwamuru. Mpita njia angaliweza kusema, "Heri yake, siku zake zote ni sikukuu!" Kumbe hakuwa na pumziko hata la saa moja. Mwili wake ulikaa kitini, na moyo wake ulikuwa ukipanda mlima na mzigo kichwani. Kwa hiyo ni kosa kudhani ya kuwa kupumzika ni kukosa kazi. Yuko mtu anayechimba mtaro jua kali na moyo wake umetulia, na yuko anayelala kivulini mchana kutwa asione raha. Moyo wa mwanadamu hupumzika ukiwa na kitu chepesi cha kushika, kama mkono wa mzee ushikavyo fimbo.

Kitu hicho Cowper alikipata mwaka wa 1774. Watoto wa jirani yake walikuwa wamepewa mtoto wa sungura, mwenye miezi mitatu hivi, wamchezee. Walijua kumsumbua kuliko walivyojua kumlisha, na punde wakamchoka. Baba yao alipoona kwamba mnyama huyo anazidi kukonda kila siku, alimletea Cowper, naye akampokea. Yamkini wengi walishangaa kumwona mtu mzima wa miaka 42, aliyesomea sheria, akimkumbatia mtoto wa sungura. Lakini akumbukaye habari za vile vifungo vya viatu hatashangaa. Kiumbe mdogo aliyeteswa na wakubwa wake alikuwa ameletwa mlangoni mwa mtu aliyeyajua hayo yote.

Majirani waliposikia ya kuwa Bwana Cowper amependezwa na zawadi ile, wakaanza kumletea sungura kutoka kila upande, hata wangeweza kujaza malisho. Yeye aliwachukua watatu tu, akawaita Puss, Tiney na Bess. Mawili kati ya majina hayo ni ya kike, lakini wote watatu walikuwa madume.

Mara alitafuta msumeno na nyundo, akawa seremala. Alimjengea kila mmoja nyumba yake ya kulala, na sakafu ya kila nyumba aliifanya kwa namna ya kuachia uchafu upite, ukaanguka katika chombo cha udongo kilichowekwa chini. Vyombo hivyo vilimwagwa na kuoshwa daima, hata nyumba hazikunuka kamwe. Mchana sungura walitembea katika ukumbi, na usiku kila mmoja alirudi kitandani mwake, wala hakuna aliyeingia kwa mwenziwe. Cowper alijifunza chakula chao kwa kutazama, si kwa kubahatisha. Aliwapa majani mabichi ya namna nyingi, na mkate, na maganda ya matufaha, na karoti; na alipogundua kwamba wanapenda pia mchanga mweupe laini, akawawekea nao.

Puss ndiye aliyezoea watu upesi kuliko Tiney. Alirukia mapajani mwa bwana wake, akasimama kwa miguu ya nyuma, akamng'ata nywele za panjani. Na zaidi ya mara moja alipata usingizi juu ya goti lake. Wakati mmoja aliugua siku tatu. Cowper alimtenga na wenziwe, maana sungura, kama wanyama wengine wa porini, humwonea mwenzao aliye mgonjwa. Akamwuguza mwenyewe, akimjaribia majani haya na haya, hata akapona. Na alipopona alimlamba bwana wake mkono: kwanza mgongo wa mkono, kisha kiganja, kisha kila kidole peke yake, kisha katikati ya vidole vyote, kana kwamba hataki pasalie mahali pasipopata shukrani. Jambo hilo hakulifanya tena ila mara moja tu, nalo ni baada ya ugonjwa mwingine kama ule.

Kila asubuhi baada ya chakula Cowper alimchukua Puss bustanini, naye akajificha chini ya majani ya matango, akalala huko au kutafuna mpaka jioni. Akaizoea sana bustani hata bwana wake akikawia, yeye humpigia ngoma gotini kwa miguu ya mbele na kumtazama usoni. Bwana asipofahamu, hushika upindo wa koti lake kwa meno, akavuta kwa nguvu zake zote. Basi yule mtu ambaye huzuni ilimfungia ndani, aliburutwa nje kwenye jua na mnyama mdogo.

Bess alikuwa shujaa tangu siku ya kwanza, hakuna haja ya kumfundisha kutoogopa. Jioni sungura wote waliruhusiwa kuingia sebuleni, na kwa kuwa zulia liliwapa miguu mahali pa kushika, waliruka na kucheza, na Bess aliwashinda wote. Siku moja paka wa nyumba alithubutu kumgusa shavu. Bess alimpiga mgongoni kwa miguu ya mbele, dum dum dum, hata paka akaona afadhali kukimbia. Lakini maisha yake yalikuwa mafupi. Alikuwa ndiyo kwanza amekua, siku moja nyumba yake ilioshwa, naye akarudishwa ndani kabla haijakauka; ule unyevu ukamwua. Na wote wanaofuga kuku na sungura na walikumbuke jambo hili: kuosha banda ni vema, lakini jua lina sehemu yake katika kazi hiyo, nayo hainyang'anywi.

Tiney alikuwa wa namna nyingine kabisa. Alilishwa chakula kile kile, akauguzwa kwa uangalifu ule ule, lakini upole wote haukumgeuza. Akipapaswa baada ya kupona, alinguruma, akapiga kwa miguu, akaruka mbele na kuuma. Cowper hakumkasirikia. Aliuona hata ule ukali wake kuwa wa kuchekesha, akamtunza miaka 9, mpaka alipokufa. Kisha akamtungia shairi la kaburini, na shairi hilo lasomwa hata leo. Si ajabu kumpenda anayelamba mkono. Lakini kumpa maji safi kila siku yule anayeuma, na kuhuzunika siku anapokufa, hilo ni somo gumu, na nyumbani ndipo mahali pa kujifunza, maana kila nyumba ina Tiney wake, mwenye miguu minne au miwili.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1780 yalitokea mambo ambayo Cowper alimwandikia rafiki yake kwa barua. Usiku mmoja, kati ya saa mbili na saa tatu, walipokuwa wakila chakula, alisikia mshindo katika chumba cha nyuma. Kabla hajainuka, mshindo ukakoma. Baada ya dakika kama tano sauti ikauliza mlangoni kama sungura mmoja hakupotea. Alikimbia kutazama: Puss alikuwa amezitafuna kamba za wavu wa dirisha, ametoka. Mtu mmoja njiani alikuwa amejaribu kumfunika kwa kofia, lakini sungura akalia na kuruka juu ya kichwa chake. Cowper aliwatuma watu wawili wamfuate, lakini hakuwa na tumaini la kumwona tena, ila alitaka kujua mwisho wake.

Yule mwepesi wa wajumbe wake alikuta njia imejaa wanaume, wanawake, watoto na mbwa, wote wakimfukuza Puss. Akawazuia mbwa kadiri alivyoweza, akawapita watu wote, hata wakabaki wawili tu katika mashindano, yeye na sungura. Puss alipita katikati ya mji, akatoka nje yake, akageuzwa, akarudi mjini, akaingia katika kiwanda cha kutengeneza ngozi. Humo mlikuwa na mashimo yaliyojaa maji. Akatumbukia katika shimo moja, akajikokota, akatumbukia katika jingine, na alipokuwa karibu kuzama, mtu mmoja alimvuta kwa masikio. Wakamwosha katika ndoo ili chokaa itoke manyoyani, wakamrudisha nyumbani ndani ya gunia saa nne za usiku. Alikuwa ameumia kidogo tu, ukucha mmoja na sikio moja. Mkasa ule ulimgharimu bwana wake shilingi 4, wala hakuona uchungu hata wa senti moja. Hapo yaonekana jinsi alivyokuwa amebadilika. Miaka saba kabla ya hapo huzuni ilikuwa imemfanya asijali lolote. Sasa alikuwa na kitu cha kutafutwa usiku kwa mbio.

Haba na haba hujaza kibaba. Useremala wa nyumba za sungura ulimtia hamu ya kutengeneza meza na viti vidogo. Kutoka useremala aliingia bustanini, akapanda matango na maua, akajenga nyumba ya kioo ya kutunzia mimea wakati wa baridi. Akajaribu kuchora picha, akaacha kwa sababu macho yalimwuma. Na mwishoni vitabu vikamrudia. Jioni za siku za baridi Bibi Unwin aliketi karibu na moto akifuma soksi, na Cowper alisoma kwa sauti ili wote wasikie, au alimsaidia kuzungusha nyuzi za sufu. Kitabu kinachosomwa hivyo si cha mtu mmoja. Yule anayefuma husikia, na yule anayepika husimamisha mwiko kidogo apate kujua yaliyotokea, na kesho yake nyumba nzima ina jambo la kuzungumza zaidi ya habari za jirani.

Baadaye alianza kuandika vitabu mwenyewe. Alikuwa na umri wa karibu miaka 50 alipojitia katika kazi hiyo, na kitabu chake cha kwanza cha mashairi yake peke yake kilitoka mwaka wa 1782. Bustanini alikuwa na kibanda kidogo sana, ndani yake panatosha kiti na meza, na humo alitungia mashairi yake siku za jua. Rafiki yao mmoja, Bibi Austen, alipomwona amezama tena katika huzuni, alimsimulia kisa cha mfanyabiashara aliyechukuliwa na farasi asiyetaka kusimama. Cowper alicheka usiku kucha, akakigeuza kuwa shairi, na Waingereza wakacheka pamoja naye. Siku nyingine bibi huyo huyo alimwamuru atunge shairi juu ya kiti kirefu cha sebuleni. Akaanza na kiti, lakini mawazo yakamchukua mpaka bustanini, na mashambani, na katika mambo ya ulimwengu, hata likawa shairi refu la sehemu sita. Shairi hilo, liitwalo The Task, lilitolewa mwaka wa 1785, likampatia sifa katika nchi yote. Mtu aliyekuwa hawezi kusoma kitabu aliandika vitabu.

Sifa hizo hazikumwondolea Puss cheo chake. Mwezi wa Machi 1784 bwana mmoja aliyetaka kuchaguliwa katika Bunge alizunguka Olney kuomba kura, akifuatwa na kundi la watu. Walipofika kwa Cowper, Puss alikuwa ametolewa nyumbani mwake, anatembea ukumbini; kwa hiyo mlango wa mbele haukufunguliwa, na mheshimiwa pamoja na kundi lake lote waliombwa kuzunguka na kupitia jikoni. Cowper alimweleza kwa adabu kwamba hana kura. Wakaagana vizuri, na sungura hakusumbuliwa.

Mwaka ule ule Cowper aliandika habari za sungura wake katika gazeti moja la London. Aliwaambia wasomaji kwamba mwindaji anayewinda kwa mchezo hajui jinsi kiumbe anayemfukuza alivyo na shukrani na furaha, na jinsi kila mmoja alivyo na tabia yake. Mkulima anayelinda kunde zake ana neno lake la kumjibu, na mwenye njaa ana lake; Cowper alisema na wale wauao bila haja ya shamba wala ya chakula. Na huruma iliyoanzia kwa sungura haikuishia kwao. Rafiki yake mkubwa, John Newton, alikuwa zamani nahodha wa merikebu ya kuchukua watumwa, naye alijuta na kuipinga biashara ile. Mwaka wa 1788 Cowper alitunga mashairi ya kuwatetea Waafrika waliouzwa, na watu wengi wakayasoma. Hakuishi kuuona mwaka wa 1807, sheria ya Uingereza ilipokataza biashara ya watumwa katika merikebu zake, wala ule wa 1873, soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Lakini alikuwa mmoja wa waliosema mapema, naye alikuwa mtu ambaye zamani hakuthubutu kumwinulia mtesi wake macho.

Puss alikufa mwezi wa Machi mwaka wa 1786, kwa uzee, pasipo maumivu ya kuonekana, mwenye miaka kumi na moja na miezi kumi na moja. Bwana wake aliandika siku hiyo katika karatasi, na saa pia, kama iandikwavyo siku ya kufa kwa jamaa.

Si haki kusema kwamba sungura walimponya Cowper kabisa. Huzuni ilimrudia tena baadaye, na Bibi Unwin alipokufa mwaka wa 1796, aliyebaki alikuwa mtu aliyevunjika moyo, akafa naye mwezi wa Aprili mwaka wa 1800. Yako magonjwa ambayo mnyama hawezi kuyaondoa, wala kitabu, wala rafiki. Lakini miaka kumi na miwili si kitu kidogo. Mnyama akiwa ndani ya nyumba, lazima ale kesho. Na anayemlisha, lazima aamke kesho. Siku ambazo Cowper hakuona sababu yake mwenyewe ya kuamka, alikuwa na sababu ya Puss. Kwa kamba hiyo nyembamba alivuka miaka, na katika miaka hiyo aliandika yale ambayo watu wangali wakiyasoma. Nyumba yake ya Olney ilifanywa jumba la makumbusho mwaka wa 1900, na kile kibanda cha bustanini kingalipo.

Habari hizi hazimwagizi mtoto yeyote kwenda kukamata sungura porini. Mnyama wa porini ana makao yake, na sheria za nchi nyingi humlinda huko. Lakini kila nyumba ina kiumbe wa kutunzwa: kuku, njiwa, mbuzi aliyefiwa na mama yake, paka alindaye ghala. Na kama hana mnyama, yuko babu asiyeona vema tena, anayependa kusomewa, wala hasemi.

Wanafunzi wengi, siku za likizo zikikaribia, hupanga mambo makubwa: kusafiri, kulala mpaka jua kuwa juu, kucheza mpira kutwa. Mipango hiyo si mibaya, na aliyesoma kwa bidii amestahili kucheza. Lakini juma la kwanza likipita, mchezo huanza kuchosha, na mtoto huzunguka nyumba akilalamika kwamba hana la kufanya. Basi na apange mapema mambo matatu tu: kiumbe mmoja atakayemtunza mwenyewe bila kukumbushwa, kitu kimoja atakachokitengeneza kwa mikono yake, na kitabu kimoja atakachosoma kwa sauti jioni, kurasa mbili tatu, ili walio nyumbani wasikie. Siku nyingine hatapenda kuamka. Lakini kuku hawajui kwamba shule imefungwa. Kutakapopambazuka watakuwa mlangoni pa banda, wakingoja kufunguliwa.